Alama za Meno kwenye Jiwe la Mpaka

23 Novemba
Mvua ya kwanza imenyesha Tunduma leo mchana, na foleni ya malori haikusogea. Dukani nimetoa kopi, nimepiga picha za pasipoti, na nimemchapia Abdulwahab mnyama wake kwenye karatasi kubwa ya rangi. Abdulwahab huchora malori. Mahali ambapo wachoraji wenzake huandika vijembe vya "wivu hauna dawa", yeye huweka dinosaria. Wenye malori wananung'unika, kisha wanarudi kwake, maana ana mkono mzuri na halewi.

Jioni ameituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp, Mijusi ya Kale, ambalo mimi ndiye msimamizi wake. Ni kundi la watu wanaopenda mifupa iliyogeuka mawe na michoro ya wanyama waliokwisha zamani. Masharti ni machache: hakuna siasa, hakuna biashara, na ukipata kitu hutaji mahali hadharani. Ubishi ulianza palepale. Mmoja akasema mjusi hutambaa tumbo chini, kwa hiyo miguu iliyosimama kama ya tembo ni uongo. Abdulwahab akamjibu, "Jina tumempa sisi. Yeye hakujua kama ni mjusi." Nilicheka peke yangu nikifunga duka.

30 Novemba
Mvua. Umeme hakuna, kazi hakuna.

7 Desemba
Nimerudi kutoka Ikinga kumwona mama. Baba alipofariki, mama aliondoka Nanyala akarudi kwao, kwenye nyumba ya wazazi wake pale juu ya mteremko. Chini ya nyumba kuna mashamba ya wadogo zake wawili, wajomba zangu. Shamba la juu, la kahawa, ni la mjomba Efraimu. La chini, la mahindi, ni la mjomba Boazi. Katikati kuna jiwe alilosimika babu alipowagawia. Wajomba hawasemeshani tangu babu azikwe. Mmoja akitaka kumwambia mwenzake kitu, anamwambia mama, na mama akipenda anafikisha.

Jiwe hilo nimelijua maisha yangu yote, tangu nilipokuwa nikija likizo kwa babu. Nimelikalia, nimelipanda, niliwahi kuanika nguo juu yake. Jana mvua ilikuwa imelisafisha vizuri, na pale kichwani, palipovunjika, nikaona vitundu vidogovidogo kama vya mkate. Nikachuchumaa. Nimeangalia picha za mifupa ya kale miaka mingi, na sikuwa na shaka: jiwe la mpaka la babu ni kipande cha mfupa wa paja, mnene kuliko kiuno changu. Ubavuni una mifereji mifupi, imejipanga, mingine mirefu kidogo.

Nikavua kandambili, nikaiweka pembeni kuonyesha ukubwa, nikapiga picha. Leo nimeituma kundini bila kutaja mahali.

8 Desemba
Kundi halijalala. Felix wa Vwawa, fundi simu, ametuma sauti nne. "Dada Loisi, huo ni mfupa, nakuapia. Na hizo alama ni meno. Kuna mdudu alimla huyo, noma sana." Kila mtu sasa anaona meno. Mimi pia ninayaona. Abdulwahab anataka picha za karibu, upande kwa upande.

14 Desemba
Mchoro umekamilika. Mnyama mkubwa ameanguka kwenye matope, na mwindaji ameng'ang'ania paja lake, meno yote nje. Abdulwahab amepima nafasi kati ya alama kwenye picha zangu ndipo akayapanga meno. Ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Ameihamishia nyuma ya lori la mzigo wa saruji, na leo limevuka kuelekea Kongo.

26 Desemba
Krismasi nimekula Ikinga. Mjomba Efraimu alikula sebuleni, mjomba Boazi alikula barazani, na mama akakaa mlangoni awaone wote. Kuku alikuwa mmoja.

Nililiendea jiwe. Mapema mwezi huu lilikuwa sambamba na mparachichi ulio kati ya mashamba. Sasa limeshuka, liko ndani kidogo ya mahindi ya mjomba Boazi. Nimepiga picha. Felix amejibu kwamba ni maji, maji ya mvua yanalisukuma. Inaingia akilini.

11 Januari
Palizi Ikinga. Mgongo unauma.

Jiwe limepanda. Liko upande wa juu wa mparachichi, kwenye mche wa kwanza wa kahawa.

12 Januari
Nilituma picha bila maelezo. Abdulwahab akaandika, "Maji ya kwenu yanapanda mlima?" Halafu kila mtu akaleta lake. Mwalimu mmoja wa Isongole ameeleza kwamba udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na hunywea ukikauka, hivyo jiwe zito linaweza kuogelea humo pole pole, kwenda na kurudi. Tukamshukuru. Abdulwahab akachora na hilo, mshale juu, mshale chini. Kundi letu lina jibu kwa kila kitu.

18 Januari
Nimewauliza wenyewe. Mjomba Efraimu alikuwa anapogoa kahawa.

"Mjomba, lile jiwe linasogea?"

"Jiwe la mpaka halisogei, mpwa wangu. Ndiyo kazi yake."

Nikashuka kwa mjomba Boazi, nikauliza vilevile. Alipangusa jembe kwa kidole. "Muulize wa juu," akasema.

Nilipanda tena nyumbani. Mama alikuwa dirishani akichambua maharage. Huwa anakaa hapo mvua ikinyesha. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

2 Februari
Mama mmoja wa Nakonde, mfanyabiashara wa dagaa, amekuja kutoa kopi. "Bamayo," akaniambia, kama wanavyoita mama huko kwao, "lile lori lenye jini la meno ni la hapa kwenu?" Watoto wa Nakonde wanalikimbilia. Nimempigia Abdulwahab kumweleza. Alijifanya hajali, lakini alinipigia tena baadaye nimsimulie upya.

15 Februari
Mvua kila siku. Jiwe limeshuka.

22 Februari
Limepanda.

2 Machi
Hii si mvua ya kawaida. Pale Ikinga korongo jipya limefunguka kando ya mparachichi, linakula udongo kila siku, na jiwe liko ukingoni. Likiangukia humo litaingia kijitoni, na kijito kinaingia mto Songwe. Nimetuma picha. Tumeshawaandikia wataalamu wa chuo kikuu mara mbili, na jibu ni kwamba watakuja kiangazi, barabara zikipitika.

Felix amenipigia. Anasema tusipouokoa sasa tutaukuta Ziwa Nyasa. Nikamwambia tusubiri. Akaniuliza ni kijiji gani, ili aombe watu wa huko wauangalie. Nikamtajia.

9 Machi
Asubuhi Felix ametuma picha kundini. Amesimama mbele ya karakana yake Vwawa, amepakwa matope mpaka kwenye nyusi, mkono wake uko juu ya mfupa wa babu. Chini ameandika: "Umeokolewa." Alikwenda jana usiku wakati wa mvua na jamaa zake watatu na pikapu. Watu walikuwa wamelala, hakuna aliyewaona. Wanakundi wamempongeza, mioyo myekundu na ngumi. Nilikuwa bado naangalia hizo ngumi simu ilipoita. Ni mama.

"Njoo. Wajomba zako wameshika mapanga."

10 Machi
Naandika nikiwa Ikinga, kwenye kitanda cha mama.

Hakuna aliyekatwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililokuwa naomba njia nzima kutoka njiapanda ya Mpemba. Lakini mjomba Boazi alipoamka jana akakuta jiwe halipo, alijua moja kwa moja nani kaling'oa. Akapanda na kukata miche miwili ya kahawa. Mjomba Efraimu naye alijua moja kwa moja nani kaling'oa, akashuka na kufyeka mahindi kwa mstari mmoja mpaka chini, mahindi yenye mbelewele. Walikutana penye shimo. Wake zao ndio waliowashika, na mke wa mjomba Boazi ana kidonda cha kiganja kwa kushika panga upande usio wake. Hana ugomvi na mtu. Alinisalimia kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kutumia wa kushoto.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha kikao mbele ya nyumba. Akasema mambo ya jiwe la mpaka yanaishia mahakamani au makaburini, wachague. Wajomba wakasimama, kila mmoja akaanza kuapa kwa jina la babu kwamba mwenzake ni mwizi.

Nikasema, "Mimi ninajua liko wapi."

Nikaeleza yote: mfupa, picha, kundi, Felix. Ilichukua muda, kwa sababu ilibidi nieleze dinosaria ni nini kwa watu waliokuwa na mapanga asubuhi ileile. Niliona aibu mpaka masikio yakawasha. Nilidhani nikimaliza watapoa. Walipoa kweli. Waligeuka wote wawili kwa pamoja wakanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu babu afe wakakubaliana jambo moja, kwamba mtoto wa dada yao hana akili.

"Umeuza mpaka wetu," alisema mjomba Boazi.

"Kwa picha," akamalizia mjomba Efraimu.

Mama alikwenda kukoroga uji wa mgonjwa.

11 Machi
Nimemwambia Felix alirudishe. Alianza kunieleza kuhusu sayansi. Nikamweleza kuhusu kiganja cha mke wa mjomba. Akasema, "Dada, mimi niliona jiwe tu, halina mtu." Ndivyo nilivyoliona na mimi, na mimi nimekulia juu yake.

16 Machi
Leo jiwe limerudi. Felix amekuja na pikapu na vijana wake, na Abdulwahab amefuata kwa gari mpaka Isongole, kisha kwa pikipiki, amelowa, amebeba mchoro wake kwenye bomba la plastiki. Alisema asingeweza kukaa Tunduma wakati watu wanagombana kwa mnyama wake. Akawaamkia wajomba shikamoo, mmoja mmoja, akamwamkia na mama. Felix alisema tu pole, akiangalia chini.

Wanaume wanne waliliteremsha. Mwenyekiti akauliza liwekwe wapi. Hapo ndipo pagumu. Mjomba Efraimu alionyesha chini kabisa, kwenye mahindi yaliyofyekwa. Mjomba Boazi alionyesha juu, kwenye kahawa. Kati ya vidole vyao viwili unaweza kujenga nyumba ya vyumba viwili. Na mteremko mzima, sasa majani yamefyekwa, ulikuwa na vishimo vya zamani vya upana wa jiwe lile, juu na chini, vimejaa maji. Abdulwahab aliviangalia sana. Nikamwona anamtafuta kwa macho yule mwalimu wa udongo wa mfinyanzi, ambaye hakuwepo.

Ili watu wapoe, Abdulwahab akafungua mchoro. Akawaeleza: huyu ni mwenye mfupa wenu, huyu ni aliyemla, na haya ndiyo meno yake, yamepimwa. Wazee wakasogea. Ni mchoro unaovuta. Hata mjomba Boazi aliinama.

Mama alishuka na mwavuli, akauangalia mchoro, kisha akaliangalia jiwe. Akamwambia mke wa mjomba Efraimu alete mtaimbo wao wa nyumbani. Mwingine uletwe kutoka kwa Boazi. Tukasubiri kwenye manyunyu.

Aliuchukua wa mjomba Efraimu, mtaimbo wenye ncha pana, akauingiza kwenye mfereji mmoja wa jiwe. Ukaingia ukakaa. Akauchukua wa mjomba Boazi, wenye ncha nyembamba, akauingiza upande wa pili. Ukakaa vilevile.

"Fundi," akamwambia Abdulwahab, "mnyama wako ana meno ya chuma."

Abdulwahab aliuviringisha mchoro wake taratibu akaurudisha kwenye bomba.

Mama akawageukia wadogo zake, akaongea Kiswahili ili na wageni wasikie. "Baba aliwabebesha ninyi wawili jiwe hili kutoka mtoni. Mlikuwa wavulana. Mlilifunga kwenye mti, Efraimu mbele, Boazi nyuma, mkapumzika mara nyingi njiani, na lilipofika hapa halikuwa na mkwaruzo. Mimi ndiye niliyeliosha. Watu wawili wananyanyua. Mtaimbo ni wa mtu aliye peke yake."

Mjomba Efraimu alivua kofia akaivaa tena. Mjomba Boazi alikwenda kusimama nyuma ya mparachichi, mgongo kwetu. Jiwe tumeliacha kwenye uwanja wa mama, si juu wala chini.

Baadaye, jikoni, nilimuuliza mama kama alijua siku zote.

"Dirisha langu linaangalia wapi?"

"Mbona hukusema?"

"Huyu akilisogeza, mwenzake analirudisha. Kila masika, mvua ikinyesha. Niliona ndiyo njia yao ya kuzungumza. Wangeacha kabisa ingekuwa vibaya zaidi."

29 Machi
Wataalamu wamejibu. Mfupa ni wa kweli na ni mkubwa. Lakini mfupa uliohamishwa hausemi mengi. Wanataka kujua uliokotwa wapi hasa, maana pengine mnyama mwenyewe bado yumo humo ukingoni. Na masika haya kingo za mto zinaporomoka kila siku.

Wanaopajua mahali hapo duniani ni wawili. Nimewauliza. Mjomba Efraimu amesema hawezi kwenda bila Boazi kwa sababu alikuwa mbele na aliangalia njia tu, nyuma hakuona. Mjomba Boazi amesema haendi popote na Efraimu.

6 Aprili
Bado.

13 Aprili
Bado. Mto umevunja daraja la miti.

16 Aprili
Mjomba Efraimu amenipigia mwenyewe. "Muulize Boazi kama anaukumbuka ule mkuyu." Nikampigia mjomba Boazi. "Mwambie haukuwa mkuyu, ulikuwa msufi." Nikampigia mjomba Efraimu. "Mwambie msufi ulikuwa ng'ambo." Wateja wamesimama dukani, mashine ya kopi imekwama, nami nabeba miti kutoka huku kwenda huku. Nikachoka. Wote wana simu kubwa kwa ajili ya bei za kahawa na mazao. Nikawaingiza kundini.

17 Aprili
Mijusi ya Kale imejaa sauti za Kindali, lugha ya wajomba. Mjomba Boazi hutuma ndefu, mjomba Efraimu humjibu kwa fupi. Wanakundi wananiuliza faragha wazee wanasema nini. Wanasema mkuyu, msufi, maporomoko, na nani alimwangushia nani jiwe mguuni. Jana mjomba Boazi alimtumia mwenzake picha ya kidole chake cha mguu chenye kovu, akaweka kandambili pembeni. Sijui nani kamfundisha.

26 Aprili
Mvua kidogo. Abdulwahab anachora upya mwenye mfupa, safari hii amesimama tu, anakula majani. Wanakundi wanasema mchoro umepooza. Anasema ndivyo siku nyingi za mnyama zilivyo.

10 Mei
Jua. Wajomba wametupeleka mtoni, mimi, Abdulwahab na Felix. Walitembea mmoja mbele mmoja nyuma, kama walivyozoea, wakibishana bila kugeuka. Ulikuwa mkuyu. Umeanguka masika haya haya na umebeba kipande kizima cha ukingo, na mahali ulipokuwa pamebaki udongo mwekundu ulio wazi. Humo, usawa wa kifua changu, kuna mstari wa vitu vya kijivu, rangi ileile ya jiwe letu, vimeingia ndani ya ardhi. Hatukugusa. Felix ndiye aliyesema tusiguse. Tukavifukia kwa udongo na matawi kama wataalamu walivyotuelekeza, na Abdulwahab akakaa kwenye matope akalia kidogo, halafu akaomba maji ya kunywa.

24 Mei
Wataalamu wanafika wiki ijayo, na wameomba jiwe lishushwe mpaka barabarani. Penye mpaka, kwenye kishimo alichokichagua mama, umepandwa mkonge. Mjomba Boazi alishika mche, mjomba Efraimu akafukia.

Felix alikuja na vijana wake tayari kwa kubeba. Mjomba Efraimu akawaambia wakae pembeni. Wajomba walikata mti, wakalifunga jiwe kwa kamba, wakaingiza mabega, wazee wawili wenye mvi, Efraimu mbele, Boazi nyuma. Walipumzika mara nyingi. Mama aliangalia kutoka dirishani mpaka walipopotea kwenye migomba.

Kule barabarani Abdulwahab aliniuliza afanye nini na lile lori, maana mwindaji wake wa uongo bado anazunguka Kongo. Nikamwambia amwache, watu wa huko hawana shamba Ikinga.

Kisha nikalikagua jiwe lote, pande zote, nikavua kandambili, nikapiga picha ya mwisho. Nikaandika kundini: Hakuna mkwaruzo mpya.

Mjomba Boazi, aliyekuwa ameketi hatua chache kutoka kwangu, alijibu kwa sauti, kwa Kindali. Mjomba Efraimu, aliyekuwa ameketi karibu naye, akaisikiliza kwenye simu yake mpaka mwisho, akacheka, akamtumia yake. Kundi zima likaniuliza wamesema nini. Sikutafsiri.